Mzee na Usukani: Nani Apime, Apime Nini, na Jibu Liwe Lipi

Mhadhara uliotolewa mjini Moshi mbele ya wastaafu, maafisa wa usalama barabarani, watumishi wa afya na familia zao

  

Nimeambiwa kwamba kichwa cha mhadhara huu kilipobandikwa ubaoni kilizua maneno, na kwamba mmoja wenu aliuliza kama nakuja kukusanya leseni. Hapana, baba. Sikuja na kapu.

Nimekuja kueleza jinsi uwezo wa mtu mwenye umri mkubwa kuendesha gari unavyopimwa, na yale ambayo nchi zilizotutangulia zimeyajaribu na kuyavuna. Kisha nitatetea dai moja. Kipimo chenye majibu mawili tu, "endesha" au "usiendeshe", hukimbiwa na kila mtu. Mzee hukikwepa, mtoto wake hukinyamazia, daktari huogopa kukiandikia matokeo, na trafiki hukipa kisogo kwa heshima ya mvi. Kipimo kitakachookoa maisha ni kile chenye majibu ya katikati. Nitapita katika hoja tano.

Kwa nini tulizungumze leo? Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimhesabu mtu kuwa mzee anapofikisha miaka 60. Ndio umri uleule ambao mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima. Kinachofuata mnakijua: kiinua mgongo kinatoka, na gari linaagizwa kutoka Japani. Wapo kati yetu waliomiliki gari lao la kwanza baada ya kuagwa kazini. Baba zao walizeeka wakitembea kwa miguu. Wao watazeeka wakiwa na ufunguo mfukoni. Jambo hili hatukurithishwa namna ya kulishughulikia, kwa hiyo ni lazima tulitungie utaratibu sisi wenyewe.

Hoja ya kwanza: Umri ni dokezo, si hukumu

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kwa hiyo tusianze kwa kumfanya mzee mtuhumiwa mkuu. Mzee kwa kawaida haendeshi akiwa amelewa, hashindani na basi mlimani, na usiku wa mvua hulala nyumbani. Wengi hujipunguzia hatari wenyewe kabla hawajaambiwa na mtu.

Takwimu za nchi tajiri huonyesha kwamba vifo vya madereva kwa kila kilomita hupanda tena kuanzia miaka 70 na kuendelea. Lakini tusome takwimu hizo kwa makini. Sehemu kubwa ya vifo hivyo haitokani na wingi wa ajali bali na udhaifu wa mwili: mgongano unaomwachia kijana wa miaka 30 maumivu ya kifua humvunja mbavu mtu wa miaka 80, na mbavu zikamletea homa ya mapafu. Tena anayeendesha kidogo huendesha zaidi mjini, penye makutano na watu, kuliko kwenye barabara kuu iliyonyooka. Ukimlinganisha kwa kilomita na mtu wa safari ndefu, unamwonea.

Hata hivyo, aina ya ajali za wazee inatuambia kitu cha kweli. Ajali zao hutokea mara nyingi kwenye makutano, hasa wanapokata kona inayovuka njia ya magari yanayokuja. Kwa sisi tunaoendesha kushoto, hiyo ni kona ya kulia. Chukulia Njia Panda ya Himo. Umetoka Moshi, unataka kukata kulia uelekee Mwanga na Same. Lori linakuja mbele yako, bodaboda iko nyuma yake, mama anavuka na ndoo ya ndizi kichwani, na nyuma yako daladala inapiga honi. Ndani ya sekunde chache unatakiwa kukadiria kasi ya lori, kuiona bodaboda, kugeuza shingo, kuamua na kukanyaga. Kila kimoja katika hivyo hupungua na umri, ila hakipungui kwa kiasi kilekile kwa watu wote. Wapo watu wa miaka 82 wanaoifanya kona hiyo vizuri, na wapo wa miaka 64 ambao kisukari kimeshawaondolea uwezo huo. Cheti cha kuzaliwa hakiwezi kukuonyesha tofauti yao.

Hoja ya pili: Tupime macho, akili na mwili, na tusisahau dawa

Kipimo cha macho kinachojulikana ni kusoma herufi ukutani. Nchi nyingi hutaka dereva wa gari la kawaida afikie walau 6/12, yaani aone kwa mita 6 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 12. Ni kipimo cha lazima, lakini hakijitoshelezi. Herufi nyeusi kwenye ubao mweupe haifanani na mtu aliyevaa nguo za kijivu alfajiri yenye ukungu. Ndiyo maana mpimaji mzuri huangalia pia uwezo wa kutofautisha vitu vyenye rangi zinazokaribiana, muda ambao jicho huchukua kupona mwanga mkali wa taa, na upana wa eneo linaloonekana pembeni. Glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho, hula pembeni kwanza. Mgonjwa anaweza kusoma herufi zote na asimwone mtoto anayeingia barabarani kutoka kushoto.

Katika akili, wengi hudhani tunatafuta kumbukumbu. Barabarani kumbukumbu si kitu cha kwanza. Cha kwanza ni umakini: kuweza kushughulikia mambo mawili kwa wakati mmoja, kuchuja la maana, na kuhama upesi kutoka jambo moja kwenda lingine. Kuna jaribio la karatasi na kalamu ambalo mtu huunganisha namba na herufi kwa kupokezana: 1, A, 2, B, 3, C, mpaka mwisho. Linaonekana kama mchezo wa watoto. Anayelimaliza kwa zaidi ya dakika tatu, ikiwa alisoma vya kutosha na anaona vizuri, anastahili kuchunguzwa zaidi. Nasema "ikiwa alisoma" kwa sababu jaribio hili halimfai mzee ambaye hakuzoea kalamu. Tukimpa bila kufikiri tutakuwa tumempima shule badala ya akili. Kuna jaribio jingine, la kompyuta: picha ya gari inamulika katikati ya kioo, nyingine inamulika pembeni kwa kufumba na kufumbua, nawe useme umeona nini na wapi. Katika utafiti wa Marekani limeonyesha uhusiano mkubwa zaidi na ajali kuliko ubao wa herufi.

Upande wa mwili vipimo ni vyepesi. Geuza shingo uangalie begani. Inua mguu kutoka pedeli ya mafuta uupeleke kwenye breki, mara kadhaa, bila kuutazama. Tembea mita tatu haraka kadiri uwezavyo, geuka, rudi. Anayezidi sekunde tisa hatuzungumzii bado leseni yake. Tunatafuta kwanza kama tatizo ni magoti, moyo, neva au woga wa kuanguka.

Kisha dawa. Naomba kila mzee hapa, akifika nyumbani, aangalie kikapu chake cha dawa. Za usingizi za jamii ya diazepam, baadhi ya dawa za mafua na mzio, na za maumivu makali hupunguza wepesi wa kuitikia. Insulini na baadhi ya vidonge vya kisukari vinaweza kushusha sukari ghafla, na mtu mwenye sukari iliyoshuka hufanana na mlevi. Wakati mwingine asiyefaa kuendesha ni kidonge cha jana usiku, na kikibadilishwa mzee anarudi barabarani.

Hili ndilo nilitakalo likae vichwani. Kupima ni mlango wa kutibiwa. Watafiti wa Alabama, Marekani, waliwafuatilia wazee wenye mtoto wa jicho, na mwaka 2002 walitoa matokeo: waliofanyiwa upasuaji walipata ajali kwa kiwango cha takriban nusu ya wale ambao hawakufanyiwa. Fikirini hasara ya mzee anayekwepa kipimo kwa kuogopa kunyang'anywa leseni, kumbe ugonjwa wake ungetibiwa na leseni angebaki nayo.

Hoja ya tatu: Ofisi ya daktari haitoshi, barabara ndiyo mwamuzi

Hakuna jaribio la mezani linaloweza, peke yake, kusema mtu huyu ataendesha salama. Majaribio ya mezani yanachuja: huyu hana shida, huyu ana shida dhahiri, na huyu hatujui. Kundi la tatu ndilo kubwa, na haki yao ni kupimwa ndani ya gari.

Penye utaratibu uliokomaa, watu wawili hukaa na dereva. Mmoja ni mwalimu wa udereva, gari lake lina breki ya pili. Mwingine ni mtaalamu wa fani inayowasaidia wagonjwa kurudia shughuli za kila siku baada ya kiharusi au kuumia. Fani hiyo inafundishwa hapahapa Moshi, katika hospitali ya KCMC. Huanza kwenye njia tulivu, kisha mzunguko, makutano, kuhama leni, kupaki. Mwishoni humwambia dereva: "Turudishe tulikotoka," bila kumwelekeza.

Mpimaji lazima atenganishe makosa ya mazoea na makosa ya kupungua uwezo. Kushika usukani kwa mkono mmoja, kusahau indiketa, kusimama juu ya mstari: hayo mzee ameyafanya miaka 30, na mwanawe pia anayafanya. Maafisa wetu pale nyuma wanacheka, wanawajua. Hayo hurekebishwa kwa darasa fupi. Lakini kusimama kwenye taa ya kijani, kuingia upande wa magari yanayokuja, kukanyaga mafuta badala ya breki, kutomwona kabisa mtu anayevuka, kupotea njia ya kurudi nyumbani: hayo hayakuwapo zamani, na hayo ndiyo yanayopimwa. Tukiyachanganya, tutamfelisha mwenye tabia mbaya na kumpitisha mwenye adabu ambaye akili yake imeanza kuondoka.

Hapa niseme neno juu ya ugonjwa wa kusahau, dimenshia. Hatari yake kubwa kwa dereva ni kwamba humnyima mgonjwa uwezo wa kujua kwamba ni mgonjwa. Ukimuuliza kama anaendesha vizuri, atakwambia vizuri sana, naye hasemi uongo. Kwa hiyo ushahidi wa familia una uzito: mikwaruzo mipya kwenye bampa na nguzo ya geti, madereva wengine kumpigia honi mara kwa mara, jirani anayekataa lifti kwa visingizio. Lipo swali ambalo madaktari sehemu nyingi huwauliza watoto wa mzee: je, ungemwacha mwanao apande gari akiendeshwa na babu yake? Mara nyingi kimya kinachofuata kinatosha kutuambia ni wakati wa kupima.

Hoja ya nne: Waliopima kwa umri pekee wametufundisha kitu

Uingereza, leseni ya kawaida huisha ukifikisha miaka 70, kisha huhuishwa kila miaka mitatu. Dereva mwenyewe hujaza fomu kwamba ni mzima na anaona; hapelekwi kwa daktari wala barabarani. Tarehe 17 Januari 2019, Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth wa Pili, akiwa na miaka 97, aliingia barabara kuu karibu na Sandringham na kugongana na gari lililokuwa na wanawake wawili na mtoto mchanga. Gari lake lilipinduka. Wanawake hao waliumia, mtoto akasalimika. Alieleza kwamba jua lilikuwa likimchoma machoni. Mwezi uliofuata alirudisha leseni kwa hiari. Utaratibu wa kujipima mwenyewe ulikuwa umempitisha.

Japani imekwenda mbali zaidi, na mfano wake unatuhusu kwa sababu tunaendesha upande uleule na magari yao ndiyo yanayojaa barabara zetu. Tangu 2009, mwenye miaka 75 na zaidi hupimwa akili anapohuisha leseni. Huonyeshwa picha 16 na baadaye huulizwa anazozikumbuka. Mwaka 2017 sheria ilikazwa, aliyefanya vibaya akalazimika kumwona daktari. Aprili 2019, Ikebukuro, Tokyo, dereva wa miaka 87 aliua mama na mtoto wake wa miaka mitatu. Alisema gari lilikuwa na hitilafu. Mahakama ilikuta kwamba alikanyaga mafuta akidhani ni breki, na mwaka 2021 akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Nchi ilitikisika. Mwaka ule wa 2019, Wajapani zaidi ya 600,000 walirudisha leseni kwa hiari yao.

Je, mbinu hizi zilipunguza maafa? Denmark ilianzisha kipimo cha akili kwa wenye miaka 70 na zaidi mwaka 2006. Watafiti walipolinganisha kabla na baada, hawakuona vifo vya madereva wazee vikipungua, ila waliona vifo vya wazee wanaotembea kwa miguu na kwa baiskeli vikiongezeka. Mwaka 2017 nchi hiyo ikafuta ulazima wa kupimwa kwa sababu ya umri. Finland, yenye ukaguzi wa daktari kwa wazee, ililinganishwa na Sweden isiyokuwa nao, na Finland haikuonekana kuwa salama zaidi. Hata Japani, baada ya 2017, migongano ya wazee kwa magari ilipungua, lakini waliojeruhiwa wakitembea au wakiendesha baiskeli wakaongezeka.

Sababu si ngumu kuiona. Mzee hakuacha kwenda sokoni, kliniki na ibadani kwa sababu leseni imekwisha. Alibadilisha tu namna ya kwenda. Kwetu sisi hoja hii ina makali zaidi, kwa maana mbadala wa gari ni bodaboda. Ukimtoa bibi wa miaka 76 kwenye gari lenye mkanda ukampakia nyuma ya pikipiki kushuka mteremko wa Marangu, umewapunguzia hatari wengine kidogo, na yeye umemwongezea sana.

Hoja ya tano: Kati ya "ndiyo" na "hapana" pana nafasi kubwa

Sasa nafika kwenye dai langu. Mpimaji afanye kazi kama fundi cherehani: huchukua vipimo ili akukatie nguo inayokutosha.

Jibu la katikati linaweza kuwa muda: endesha mchana, usiendeshe jua likishazama. Linaweza kuwa eneo: mjini na kijijini kwako, si barabara kuu ya Dar es Salaam. Linaweza kuwa gari: la otomatiki, lenye vioo vikubwa. Linaweza kuwa sharti la kutibiwa, au la kupimwa upya baada ya miezi sita. Na mambo haya si ndoto. Jimbo la New South Wales, Australia, humpa mwenye miaka 85 uchaguzi: afanye jaribio la barabarani ili abaki na leseni kamili, au achukue leseni ya eneo la karibu na nyumbani bila jaribio hilo. Japani, tangu 2022, dereva anaweza kuomba leseni ya magari yenye vifaa vya usalama tu, kama breki inayojifunga yenyewe.

Majibu ya namna hii hubadilisha tabia ya kila mhusika. Daktari ambaye asingethubutu kuandika "asiendeshe" ataandika "mchana tu." Mzee ambaye angekimbia ataingia, kwa kuwa anajua hatoki mikono mitupu. Afisa wa trafiki naye anakuwa na kitu cha kukagua.

Lakini kuna siku jibu ni "hapana," na tujiandae nayo kwa adabu. Katika mila zetu mtoto hamnyang'anyi baba ufunguo. Akijaribu, mazungumzo yanaacha kuwa ya usalama, yanakuwa ya nani mkuu katika nyumba. Neno hilo liletwe na daktari, au na mzee mwenzake aliyekwisha kuacha usukani mwenyewe. Na lije pamoja na ratiba: nani atampeleka kliniki, nani ibadani, nani msibani. Msiba msiusahau, mzee asiyefika msibani huhesabiwa kwamba amejitenga. Watafiti wamehusisha kuacha kuendesha na ongezeko la sonona kwa wazee, na sishangai. Wajapani wanaorudisha leseni wanaweza kuomba cheti cha historia yao ya udereva. Sehemu nyingi cheti hicho huwapatia punguzo la nauli ya basi au teksi. Wameacha usukani wakiwa na heshima na nauli.

Tuanzie wapi

Mheshimiwa Mwenyekiti, nahitimisha kwa mambo yanayowezekana katika mji huu bila kusubiri Bunge. Kliniki zetu za macho, kisukari na shinikizo la damu ziongeze swali moja kwa kila mgonjwa: "Unaendesha gari?" Anayesema ndiyo apimwe yale niliyoyataja na aelezwe kuhusu dawa zake. Shule za udereva zianzishe somo la marudio kwa wenye miaka 60 na zaidi, hasa kona ya kulia, mizunguko na magari ya otomatiki kwa waliozoea gia. Na jumuiya hii ya wastaafu ipange orodha ya wanaoweza kubebana kwenda kliniki na ibadani, ili anayeacha kuendesha apate kiti kabla hajaacha.

Kwa wenye mamlaka, ombi langu ni la muda mrefu kidogo: kila leseni ina siku ya kuisha, na siku hiyo ndiyo dirisha letu. Tuandae leseni zenye masharti sasa, wakati madereva wa miaka 80 bado ni wachache, tusingoje ajali moja ya kutisha itutungie sheria kwa hasira.

Kwa vijana mlioketi nyuma: mnayoyaamua leo kuhusu baba zenu ndiyo sheria mtakayoikuta mkizeeka. Itungeni kama watu watakaoitumia.

Naomba sasa maswali, Mwenyekiti, na naomba tuanze na wazee walioketi safu ya mbele. Wao ndio wanaojua barabara ikoje ukiwa na miaka 75, na bila neno lao utaratibu wowote tutakaouandika utakuwa na mapengo.